Darasa la pili, kuanzia mstarini mpaka saa tisa

Saa 1:30 asubuhi. Tumetoka mstarini, ubaoni nimeandika ba be bi bo bu, chini yake da de di do du. Vurugu inaanza palepale: wengi wanachanganya b na d. Sishtuki. Ubongo umezoea kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto. Herufi tu ndizo zinazokataa kugeuzwa. Na maandishi yana miaka 5,000 na ushei, hivyo hakuna anayezaliwa na sehemu ya kusomea kichwani. Mtoto huijenga akifundishwa, upande wa kushoto wa ubongo, kwa kuazima seli za kutambua sura na vitu. Kugeuza b kwa umri huu peke yake si disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma unaodumu hata kwa mtoto mwenye akili.

Saa 3:00. Naita mmojammoja mezani. Kuna kijana anayemaliza ukurasa mzima bila kosa huku macho yako dirishani. Amekariri! Nampa maneno ya kubuni: ndifo, mbuso, nyweta. Anakwama kwenye nd, jasho linamtoka puani. Nafunga kitabu, tunabaki na masikio. “Sema kitabu bila ki.” Kimya. Mwenzake wa nyuma anadakia, “Tabu!” Darasa zima linacheka, naye anacheka pia, lakini jibu halikumjia. Shida iko hapo, kwenye kuzikata sauti za neno. Macho yake yalishapimwa, ni mazima.

Saa 4:30, uji. Mwenzangu ofisini anasema huyo ni mvivu tu. Tunabishana kila muhula. Kiswahili kinaificha disleksia, kwa sababu tunaandika kama tunavyotamka: mtoto atajikongoja, neno atalipata. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao imenyooka kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao, ila kwenye picha za ubongo eneo lilelile la kushoto lilikuwa limezubaa kwa wote. Ndiyo maana mimi sihesabu makosa peke yake. Naangalia na saa. Neno kama “hawakutusomea” linamla muda ambao wenzake wanamaliza sentensi.

Saa 6:00, imla. Wao kimya, mimi sauti imekauka.

Saa 8:00 mama yake anafika, kanga begani. “Mwalimu, hata baba yake mpaka leo meseji anasomewa.” Sishangai, hali hii hutembea kwenye ukoo. Namwambia mwanawe ana akili, viboko vya nyumbani viishe. Nampa kadi za mb, nd, ng na ny: sauti kwanza, herufi baadaye, dakika kumi kila jioni. Mimi maswali nitamuuliza kwa mdomo.

“Na baba yake akae hapo?”

“Akae, mama. Ila kadi ashike mtoto.”

Saa 9:00 naondoka na rundo la madaftari ya imla.