Gazeti la Serikali na jina la marehemu

Wanaotaka nakala za Gazeti Rasmi la Serikali zipunguzwe, watu wasome mtandaoni, wangedhani mimi mwenye saiba, duka la intaneti, hapa Kilifi nitashangilia. Nashangilia nusu.

Tuseme ukweli, nakala ya karatasi ilikuwa ya mawakili na maofisi. Hutoka Nairobi kwa Mpiga Chapa wa Serikali kila Ijumaa, na sijamwona mkulima wa Ganze akiwa nayo kwapani. Kenya Law, shirika la umma linalochapisha sheria na hukumu, wanaliweka bure kwenye tovuti yao, na matoleo ya enzi za mkoloni yamo pia. Hapo sina neno.

Tabu ni mirathi. Ombi la kusimamia mali ya marehemu likishafika mahakamani, tangazo hutoka gazetini, na anayetaka kupinga ana siku 30. Basi kina mama hunijia: "Mwanangu, hebu nitazamie kama tushaandikwa." Naliandika jina, napiga kitufe, patupu. Kitambulisho cha marehemu kinasema Kharisa, cheti cha kifo kinasema Karisa, na aliyejaza fomu kaandika alivyosikia. Kompyuta haijui kwamba huyo ni mtu mmoja. Mwenye karatasi angepitisha kidole ukurasa mzima na jicho lingemnasa.

Ndiyo maana sianzi na jina siku hizi. Naanza na kijiji, au mahali alipofia, maana tangazo hutaja alikufa wapi na lini. Yote yanayojitokeza nayasoma moja moja. Na kwa vile ni Kiingereza kitupu, nageuka mkalimani, kazi ambayo haimo kwenye bei nilizobandika ukutani. Matoleo yaliyopigwa picha tu ndiyo balaa zaidi: humo hata ukiliandika jina sawasawa hulipati, na dakika za mteja zinakwenda.

Wapunguze, haya. Lakini zile kurasa za mirathi wazichape, kila eneo lipate zake, zibandikwe kwa chifu pale penye matangazo ya baraza, na Kiswahili kiwepo. Chifu si mgeni wa jambo hili. Barua inayotaja warithi, ile ambayo bila hiyo mahakamani huendi popote, yeye ndiye anayeiandika. Akiliona tangazo linataja mwombaji ambaye hakuwamo katika barua yake, hahitaji intaneti kujua huenda kuna mtu anazungukwa.