Rokibasi wa Mto Huron

Mjomba wangu ni mtu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mshipi aliushika kabla ya kalamu. Nilipomtembelea Michigan, Marekani, Juni 2019, alinipeleka kumvua rokibasi, samaki mdogo wa huko, mahali paitwapo Delhi, juu kidogo ya mji wa Ann Arbor, pale Mto Huron unapopita kwa kelele kati ya majabali. Tukaingia majini na viatu vyetu.

"Sahau risasi ya kuzamisha mshipi, mpwa wangu," aliniambia. "Huku uzi wenyewe ndio mzito, chambo hakina uzito wowote. Rusha uzi, nzi atafuata."

Nzi huyo, chambo cha bandia, alimfunga mwenyewe kwenye ndoano usiku uliotangulia: mkia wa manyoya laini ya bata mzinga, mwili umezungushiwa unyoya wa jogoo, vyote vya kahawia. Ndani ya maji aligeuka kamba mdogo wa mtoni anayekimbia kinyumenyume, na kamba ni mlo anaoupenda sana rokibasi. Katikati ya mkondo hatukurusha. Rokibasi hashindani na maji. Hujibanza nyuma ya jabali, penye kivuli, ambapo maji huzunguka polepole. Mjomba alinionyesha jiwe moja baada ya jingine.

Uzi ulisimama, kisha ukavutwa kwa nguvu. Wa kwanza huyo: mpana, amejaa kiganja, jicho jekundu kabisa, madoa meusi yamejipanga mistari ubavuni. Wavuvi wengi wa pale humpuuza kwa udogo wake na kumtafuta jamaa yake mkubwa. Mimi nilitaka nimtazame tu.

Karibu na ukingo Mjomba alinishika mkono. Kwenye changarawe palikuwa na duara safi, limefagiliwa, na juu yake dume mweusi alikuwa akipepea mapezi ili mayai yapate maji mapya. Jike akishataga huondoka. Dume ndiye hubaki kulinda.

"Sato wa kwetu huatamia mayai mdomoni, na ni mama," alisema Mjomba. "Huyu ni baba. Mwache na watoto wake."

Tukapita mbali, ingawa dume wa namna ile hushambulia chochote kinachomsogelea na angemuuma nzi mara moja.

Wote tuliowapata tuliwarudisha. Mwaka 2018 idara ya afya ya jimbo ilitangaza samaki wa mto ule wasiliwe, kwa sababu ya PFAS, kemikali zisizooza zilizotoka viwandani. Mjomba alimshikilia rokibasi wa mwisho chini ya maji mpaka akapata nguvu, huku akinisimulia alivyokuwa akiwakaanga zamani bila kuwakata vipande, kwa ndimu na pilipili. Hasira ilinipanda na hata leo haijashuka: mto mzuri namna ile, samaki wazuri namna ile, na mzee aliyelishwa na ziwa tangu utotoni hakuweza kumfikisha hata mmoja jikoni.