Kuokoa flopi za Akai za Mjomba

Kila anayesikia kwamba nahamisha sauti za Akai S3000XL (sampla, yaani mashine inayohifadhi sauti fupi, sampuli, na kuzipiga kwa kinanda) kwenda kwenye kompyuta ananipa ushauri uleule: chomeka waya kwenye matundu ya sauti, bonyeza kinanda, rekodi, basi. Hata Mjomba, mwenye sampla yenyewe, alinieleza hivyo nyumbani kwake Majengo, hapa Moshi. "Anko, unajitesa bure." Namheshimu sana, ila hapa sikubaliani naye.

Ukirekodi kwa waya unapata sauti, chombo hukipati. Kwenye flopi yake mojawapo kuna sampuli inaitwa WAZEE AAA 1 (Akai inaruhusu herufi 12 tu, tena kubwa zote, kwa hiyo majina yote yamebanwa). Ni wanaume wa kwaya wameshika noti moja. Sauti yenyewe ni fupi mno, lakini ukikandamiza kinanda wazee wanaimba mpaka uachie kidole, maana Mjomba aliiwekea lupu, yaani kipande kinachojirudia. Aliitafuta kwa sikio, akisogeza alama ya kurudia kidogokidogo mpaka ule mlio wa "tik" ukapotea kabisa. Noti za chini akazipa sampuli nyingine, na ukipiga kwa nguvu sauti inafunguka. Mpangilio huo wote umo kwenye faili jingine, ambalo Akai hulita "programu". Baadhi ya wazee wale wameshatangulia, hakuna wa kumwita aje arudie.

Na muda hautusubiri. Sampla kama hii ikizimwa inasahau kila kitu, na umeme wetu mnaujua. Kinachosalia ni kilichomo kwenye flopi. Flopi nayo ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na masika ya Moshi huiotesha ukungu. Kabla ya kuitumbukiza popote, vuta kile kifuniko cha chuma, zungusha kitovu chake kwa nyuma taratibu, iinamishe kwenye mwanga. Ukiona madoa ya kijivu, iweke kando. Ukilazimisha, kichwa cha kusomea kitakwangua ule unga, kisha kitabeba uchafu kwenda kwenye flopi inayofuata. Ikiwa safi, sogeza kile kibanzi cha pembeni ili tundu libaki wazi, isije ikaandikwa juu.

Kisomaji cha flopi cha USB hakisaidii hapa. Flopi ya kawaida ya kompyuta ina vipande 18 vya baiti 512 kwa kila mzingo, ndiyo ile 1.44 MB. Akai hugawa vipande 10 vya baiti 1024, inaingiza 1.6 MB. Windows ikikutana nayo haiielewi, inakuomba uifomati. Kataa!

Ninachotumia ni Greaseweazle, kibao kidogo cha kielektroniki kinachounganishwa na kisomaji cha flopi cha kompyuta ya mezani ya zamani kwa ule waya bapa wa pini 34, upande wa pili kinaingia USB. Chenyewe hakijali fomati. Kinasoma mapigo ya sumaku jinsi yalivyo, na flopi nzima inageuka faili moja. Faili hilo ndilo bekapu yangu. Baadaye programu ya kompyuta iitwayo akaiutil inalifungua na kunitolea WAV (faili za sauti za kawaida) za kufanyia kazi leo, ila WAV kwangu ni nyongeza.

Njia ya MIDI (waya unaounganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki) ipo pia, lakini sekunde moja ya sauti ya mono ya biti 16 kwa 44.1 kHz huchukua karibu sekunde 45 kupita. Kwa kasha zima la flopi, hapana.

Bekapu naipima hivi: naweka faili kwenye flashi, naichomeka kwenye Gotek (kifaa kinachosoma flashi na kujifanya kisomaji cha flopi) iliyochukua nafasi ya kisomaji cha zamani ndani ya Akai, napakia, nabonyeza. Wazee wakiimba bila "tik", nahamia inayofuata. Mjomba aliposikia hivyo akavuta kiti karibu.

Sasa kila faili ninaliambatanisha na maelezo mafupi: nani aliimba, ilirekodiwa wapi, maikrofoni ipi. Jumamosi tunaingia kwenye flopi za ngoma na kayamba. Majina ya wapigaji anayo Mjomba peke yake kichwani, kwa hiyo tutaanza na daftari, Akai tutaiwasha baadaye.