Mbona mimi sina kovu?

Jana mdogo katoka kuoga, akaninyooshea mkono: "Mbona wenzangu wana kovu la chanjo, mimi sina?" Nikamjibu kuwa wapo watoto BCG, chanjo ya kifua kikuu, haiwaachii kovu, na hawachanjwi tena kwa sababu hiyo. Hakuridhika. Mimi nilikuwa nimeshamkumbuka yule mama niliyemhudumia kliniki.

Mtoto wake alikuwa na wiki 6, siku ya Penta ya kwanza, sindano moja ya kukinga magonjwa matano. Nikaanza kwa pupa kama kawaida: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, Hib (kimelea cha nimonia na homa ya uti wa mgongo). Yeye macho mlangoni. Nilipogusa kichupa akasema, "Nesi, leo hapana."

Nikakirudisha kichupa kwenye baridi, nikavuta kiti. "Kinachokutia hofu hasa ni nini?" Kisha nikanyamaza, na kunyamaza foleni ikiwa imejaa nje si kazi ndogo.

Akaanza kukunja mkono wa kishati cha mtoto, polepole, mkunjo kwa mkunjo. Akabandua plasta. Chini yake kidonda, upana wa punje ya harage, kingo nyekundu, katikati usaha, na mafuta ya kupaka yameganda juu yake. "Mlisema ni kinga. Mama mkwe anasema sindano ilikuwa mbovu."

Sikumbishia. Nilimwambia amefanya vyema kunionyesha, nikaomba nimweleze ninachokijua. Akaitikia kwa kichwa. BCG ndivyo ilivyo: wiki chache baada ya sindano hutunga kipele, kikapasuka, kikakauka chenyewe taratibu. Usikikamue, usikipake kitu, usikizibe kwa plasta. Maji safi yanatosha. Cha kuogopa ni tezi za kwapani kuvimba, au kidonda kuzidi kupanuka. Nikampapasa mtoto kwapani, hamna kitu.

"Na ya leo nayo itatumbuka?"

Alipouliza hivyo nikajua tumeanza kuongea. Hapana, hii inaingia kwenye msuli wa paja; huenda akapata homa na paja likauma siku moja au mbili. Nikamwambia amnyonyeshe wakati nachoma. Nusu mililita, kilio kifupi, akarudi kwenye titi.

Wakati anafunga kadi nikaongeza, ili atulie: "Kovu likibaki, ujue kinga imeshika." Hakuna aliyeniuliza hilo. Akijaliwa wa pili, naye asibaki na kovu, sijui atamwambia nini nesi atakayemkuta.