Kumsaka askari wa Batalioni ya Wamormoni

Kadiri ninavyozipitia rekodi za kikosi hiki cha jeshi la Marekani, cha waumini wa Kimormoni waliojitolea katika vita na Mexico, ndivyo ninavyoamini kwamba jina ni mwanzo mbaya. Wanaume karibu 500 waliandikishwa Council Bluffs, Iowa, Julai 1846. Majina yanajirudia, na makarani waliandika walivyosikia. Shika herufi ya kombania kwanza: A, B, C, D au E. Jina lilelile kwenye herufi nyingine lihesabu kuwa la mtu mwingine mpaka upate ushahidi.

Kadi zao za utumishi zimo kwenye mikrofilamu M351 ya Nyaraka za Taifa za Marekani. Zilinakiliwa baadaye kutoka orodha za mahudhurio, kwa hiyo makosa ya kunakili hayakosekani. Wengi husoma cheo wakafunga. Soma alikuwepo au hakuwepo, na kwa nini. Kadi ikisema mgonjwa, Pueblo (katika Colorado ya leo), huyo hakufika California na wenzake: wagonjwa walipitisha baridi Pueblo, wakaingia bonde la Salt Lake, Utah ya leo, walikohamia Wamormoni, mwishoni mwa Julai 1847. Waliobaki walifika San Diego Januari 29 mwaka huo, wakaachiliwa kutoka jeshini Los Angeles Julai 16. Waliojiandikisha tena walitumikia hadi Machi 1848.

Hapa ndipo watu hukwama: wanamtafuta askari kwenye msafara wa magari ya ng'ombe aliosafiri nao mkewe. Mke huenda alivuka nyanda kwenda Salt Lake akitokea Winter Quarters, kambi ya Wamormoni kando ya mto Missouri, na mume akaja kutoka magharibi, kupitia Sierra Nevada. Wengine walibaki California wakifanya kazi kwa John Sutter, ambaye kwenye kiwanda chake cha mbao ndiko dhahabu ya California ilionekana. Tarehe ya kuonekana kwake, Januari 24, 1848, tunayo kwa sababu Henry Bigler, mmoja wao, aliiandika kwenye shajara yake.

Uhondo uko kwenye faili la pensheni. Sheria ya Januari 29, 1887 ilimpa dola 8 kwa mwezi aliyetumikia siku 60 na kutimiza miaka 62, au aliye mlemavu; wajane nao waliomba. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, ndiyo maana humo mna viapo vya mashahidi na tarehe ya harusi. Chukua namba kwenye T317, faharasa ya pensheni za vita hivyo, kisha agiza faili zima kwa NATF 85, fomu ya Nyaraka za Taifa. Wamormoni wengine walioa wake wengi; hapo mke asiyetajwa si lazima awe hakuwepo.

Ardhi ya zawadi kwa utumishi, ekari 160, ina faili lake. Hati za kuidai ardhi hiyo ziliuzwa sana, kwa hiyo shamba lililotolewa kwa hati yake halithibitishi kwamba aliwahi kulikanyaga.