Mafuta ya Taa na Chaki

Mwezi Julai 2009 nilikuwa na umri wa miaka 21, nikijifunza umakanika katika gereji moja ya Kizota, upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Singida. Kazi yetu kubwa ilikuwa malori ya mahindi na alizeti, Hiace za abiria na Land Rover za zamani zilizokuwa zikitoka Bahi na Manyoni. Gari la mbio halikuwahi kuingia katika uzio ule. Hata hivyo sifa za Mzee zilikuwa zimetufikia zamani. Kila tulipobishana kuhusu injini, pangetokea mmoja wa kusema kwamba yuko fundi huko Arusha anayechukua bodi tupu ya gari kuukuu, akalivua mpaka likabaki chuma kitupu, akalijenga upya mshono kwa mshono kwa muda wa mwaka mzima, na likitoka mikononi mwake huwezi kulilinganisha na lile lililotoka kiwandani. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutangazwa. Nitamwita Mzee, kama sote tulivyomwita siku zile tatu.

Alifika Alhamisi alasiri, wakati upepo baridi wa Julai ulikuwa ukirusha vumbi jekundu mpaka ndani ya vikombe vya chai. Tulilisikia gari kabla ya kuliona. Muungurumo wa injini ulikuwa laini na mzito, lakini nyuma yake kulikuwa na mgongano mkavu wa chuma uliojirudia kila gurudumu lilipoingia katika shimo. Liliingia taratibu sana, mwendo wa mtu anayetembea. Lilikuwa Datsun 240Z nyekundu, fupi, yenye boneti ndefu iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Akashuka mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, ovaroli yake ikiwa imefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mwenye gereji yupo?"

Alikuwa ametoka Arusha kupitia Babati na Kondoa, barabara ambayo wakati ule ilikuwa bado ya vumbi, yenye makunyanzi yanayotikisa gari mpaka meno ya abiria yagongane. Gari lilikuwa la mteja wake, aliyetaka kulishindanisha katika mashindano ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki, yale yaliyoanza mwaka 2003, miaka 50 baada ya mbio za kwanza za magari za Safari (Safari Rally) za 1953. Mzee hakukubali kulikabidhi gari kabla hajaliendesha yeye mwenyewe katika barabara mbaya kuliko zile ambazo mteja angekutana nazo. Ndiyo maana alichagua njia ya Kondoa, na ndiyo maana hakuonekana kusikitika sana lilipoanza kugonga. Alimwambia Bosi, mwenye gereji yetu, kwamba ni heri limeonyesha ugonjwa wake mbele ya fundi kuliko mbele ya saa ya mashindano.

Bosi alimkaribisha nyumbani kwake, maana Bunge la bajeti lilikuwa likiendelea na katika majira hayo kupata chumba katika nyumba za wageni za Dodoma ni shida. Nasi vijana tulibaki tukilizunguka gari lile mpaka giza likaingia. Nilifungua boneti kwa ruhusa yake: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili ubavuni, na waya zote zimefungwa kwa vipimo sawa kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Hapakuwa na tone la oili mahali popote, ingawa gari lilikuwa limetoka kusafiri mamia ya kilomita.

Ijumaa asubuhi alinipa mimi kazi ya kuwa msaidizi wake. Sijui kwa nini alinichagua, na sikuthubutu kuuliza. Tuliinua nyuma ya gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi, tukatoa zulia la ndani, na hapo nikaona ufa. Ulikuwa mahali ambapo shokapu ya kushoto ya nyuma inakamatwa na bodi kwa nati tatu, ukianzia kwenye tundu la bolti moja na kukimbilia upande wa mbele, urefu wa kidole kidogo hivi.

Mzee alinieleza sababu, akiwa amepiga magoti, mkono wake ukiwa juu ya chuma. Katika gari lile, shokapu, springi na kishikio cha gurudumu la nyuma vimeunganishwa kuwa nguzo moja, mtindo unaoitwa kwa jina la Colin Chapman, yule Mwingereza aliyeanzisha kampuni ya magari ya Lotus na aliyechukia uzito usio na kazi. Mtindo huo ni mwepesi na unaliacha kila gurudumu lijitegemee, lakini pigo lote la barabara linapanda katika nguzo ile na kwenda kutua mahali pamoja tu: pale juu, penye nati tatu. Anayetaka kupitisha gari la namna hiyo katika makunyanzi ya Kondoa ni lazima ajue kwamba kila kunyanzi linamgonga pale pale.

Nilitaka kuonyesha kwamba nami ni fundi. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba ufa wa chuma haufai kuchomelewa hivi hivi, bali mtu atoboe kwanza tundu dogo kwenye ncha yake, kwa sababu ncha kali ndiyo inayokusanya nguvu na kuusukuma ufa mbele, na tundu la duara huzitawanya nguvu hizo. Nikachukua keke ya mkono, kwani umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nikatoboa tundu la milimita 3 pale ufa ulipoishia. Mzee alinitazama bila kusema neno mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Umefanya jambo la haki. Sasa tuhakikishe kama umelifanya mahali pake. Nitafutie mafuta ya taa na kipande cha chaki."

Mafuta ya taa yalikuwepo. Chaki tulimtuma mtoto wa mama lishe akaiombe shuleni kwake, akarudi mbio na vipande viwili vimefumbatwa kiganjani. Mzee alikuwa ameikwangua rangi eneo lote la kiti cha shokapu mpaka chuma kikang'aa. Akakipaka mafuta ya taa kwa brashi, akasubiri kitambo huku akizungumza na Bosi habari nyingine kabisa, halafu akakifuta kwa kitambaa kikavu, mara tatu, mpaka pasibaki dalili ya mafuta. Akasaga chaki kwa kisu, akaipuliza ile unga ikatua juu ya chuma kama vumbi jepesi. Tukainama wote watatu na kutazama.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Baada ya dakika chache, katikati ya weupe ule, pakaanza kujichora mstari mwembamba wenye unyevu, maana mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yakipanda na kunyonywa na chaki. Mstari ulifuata njia niliyoijua, ukafika kwenye tundu langu, na haukukoma hapo. Ulipita pembeni mwa tundu, ukajipinda, ukaendelea sentimita nyingine mbili hivi mahali ambapo macho yangu hayakuwa yameona chochote ila chuma kizima.

Mpaka leo naukumbuka ukimya wa dakika ile kuliko maneno yote aliyoniambia baadaye. Nilikuwa nimejua kanuni, nimetumia chombo kinachofaa, nimetoboa tundu safi, na bado gari lile lingekatika njiani. Mzee hakunicheka wala kunikemea. Alinipa keke akasema, "Ufa huishia mbele ya pale unapouona. Toboa tena."

Kabla ya kuchomelea tulishusha tangi la petroli. Liko nyuma, chini ya sakafu, si mbali na pale palipotakiwa moto, na kulishusha kulituchukua zaidi ya saa mbili kwa sababu bolti moja iligoma. Bosi alipendekeza tulifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, kama tulivyozoea kufanya kwenye malori. Mzee alikataa kwa heshima, lakini alikataa kabisa. Nilimuunga mkono moyoni, na tangu siku hiyo sijawahi kuwasha moto karibu na tangi la mtu yeyote, hata mteja anapolalamika kwamba namcheleweshea safari.

Kosa langu la pili lilikuwa bati la kuimarishia. Nilimletea kipande cha chuma cha milimita 6 kilichotoka kwenye chasisi ya lori, nikiamini kwamba kinene ndicho chenye nguvu. Alikishika, akakipima kwa mkono, akanirudishia. Bodi ya gari lile, alisema, ina bati lisilofika hata robo ya unene huo. Ukibandika chuma kinene juu ya chembamba, kile kinene hakitapinda hata kidogo, na kwa hiyo kila pigo litakwenda kukutana na chembamba kwenye mpaka wa hivyo viwili, na mwezi ujao utakuta ufa mpya umeuzunguka mchomeleo wako. Zaidi ya hayo, kila kilo anayoiongeza fundi ni lazima injini iisukume, breki ziisimamishe na tairi ziigeuze katika kila kona hadi mwisho wa mashindano. Tukatafuta bati la milimita moja na nusu. Alikata kielelezo kwanza katika karatasi ya mfuko wa saruji, akakipanga na kukipunguza mara nne, na kingo zake zote akazifanya za mviringo, kwa sababu pembe kali ni mwaliko wa ufa mwingine. Alichomelea kwa gesi, nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, akiliacha bati lipoe kati ya nukta na nukta ili joto lisilipinde. Niliwahi kuona watu wakichomelea kwa haraka zaidi, lakini mchomeleo uliotulia namna ile sikuwa nimeuona.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda kwa mama lishe, na hapo ndipo alipozungumza kuhusu utoto wake. Alikulia Dar es Salaam, na alituambia kwamba kilichomtia katika kazi hii ni Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi mji ule, ambaye pamoja na Chris Rothwell walishinda Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Mzee alikuwa mtoto wa shule. Kilichomstaajabisha ni kwamba lile lilikuwa gari la familia, la milango minne, na halikushinda kwa kasi peke yake ila kwa kufika. Kuhusu 240Z alikuwa na maneno mengi zaidi: Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, mpaka waamuzi wakalazimika kutazama nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta akapewa ushindi. Mzee aliposema hayo aliweka kijiko chini. "Maelfu ya kilomita," alisema, "na bado hawakuachana kwa pointi moja. Sasa mtu aniambie kwamba bolti moja isiyokazwa si kitu."

Jioni alinifundisha kuseti kabureta. Alitoa plagi zote sita akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa silinda, akanitaka nizisome: nyeusi yenye masizi ina petroli nyingi mno, nyeupe kama mfupa ina hewa nyingi mno. Dodoma iko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kesho yake angeshuka mpaka Mtera, takribani mita 700, ambako hewa ni nzito zaidi, kisha apande Iringa, zaidi ya mita 1,500, ambako ni nyepesi. Nikamuuliza aseti kwa mwinuko gani. Alinijibu kwamba petroli ikizidi gari hupoteza nguvu na kuchafua plagi, lakini ikipungua pistoni huyeyuka. Kwa hiyo unamsetia yule wa bondeni, na mlimani unavumilia. Akazungusha nati ya kila kabureta kwa kiasi kile kile, akisikiliza.

Jumamosi alfajiri aliniketisha pembeni yake. Tulipita Miyuji, tukaelekea Msalato, na lami ilipokwisha akaongeza mwendo. Kwa muda mfupi makunyanzi yaliutikisa mwili wangu wote, halafu gari likapanda juu yake na kutulia, na ile sauti ya silinda sita ikajaa ndani kama upepo kwenye mbuyu mkubwa. Kwenye kona alipunguza mapema kuliko nilivyotarajia na kutoka haraka kuliko nilivyoamini. Hapakuwa na mgongano wowote kutoka nyuma. Tulipokutana na ng'ombe wanaopelekwa mnadani Msalato, alizima injini kabisa, akawaacha wapite wote, akawaamkia wachungaji kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nao wakamwitikia.

Kisha hakugeuza. Alitoka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa chupa ya mafuta ya taa, kitambaa na kile kipande cha pili cha chaki. Mimi nilikuwa nimeshausahau ufa. Alipaka, akafuta mara tatu, akapuliza unga juu ya bati jipya na kuuzunguka mchomeleo wote, kisha tukasimama kando ya barabara mikono ikiwa kwapani kwa baridi, jua likichomoza upande wa Ihumwa. Zilipita dakika kumi. Chaki ilibaki kavu, nyeupe, bila mstari.

Mzee alichungulia tena, akaipangusa kwa kiganja, akanipa ufunguo wa gari. "Endesha wewe," alisema. "Tukifika, paka rangi."