Shaba safi, na uchafu wa makusudi

Yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anabobina mota, yaani anazizungushia nyaya upya, huku Kenya, komini yetu ya Lubumbashi, si ile nchi. Juzi walimletea mota ya mashini ya kusaga mahindi imeungua, akafungua kifuniko harufu ya verni ikajaa kote, nyaya nyeusi kama makala. Akaniambia, "Mudogo, shaba haipitishi umeme bure, inakata kodi yake, na kodi yenyewe njo hii joto."

Nikamwambia kuko vitu havikati kodi. Mwaka 1911 kule Leiden, Uholanzi, Kamerlingh Onnes alipoza zebaki mpaka nyuzi -269 hivi, ukinzani, kile kizuizi cha umeme chenye kuleta joto, ukapotea, si kupungua, kupotea. Kitu cha namna hiyo wanakiita superkondakta. Baridi hiyo ni balaa, lakini 1987 ikapatikana nyingine ya itriamu, bariamu, shaba (eeh, shaba!) na oksijeni, inaanza kazi kwenye -181, kwa hiyo naitrojeni iliyopozwa ikawa kimiminika inatosha.

Sasa utamu uko hapa. Sisi tumekulia na habari ya kusafisha shaba, katodi nzuri, lile bamba la shaba iliyosafishwa, ni 99.99%, uchafu unaharibu. Huku mambo yamegeuka. Ukiweka hiyo superkondakta kwenye sumaku kali, nguvu ya sumaku inapenya ndani kama vimbunga vyembamba sana, umeme ukipita unavisukuma, na vikitembea tu joto linarudi, kodi ile ile. Kwenye fuwele safi havina pa kushikwa, vinateleza. Basi wanaichafua makusudi: 2004 mtafiti Judith MacManus-Driscoll na wenzake walichanganya ndani yake chembe za kitu kingine, bariamu zirkoneti, na baadaye watu wakaona zinaweza kujipanga zenyewe kama nguzo za unene wa nanomita 5 mpaka 10, wakati unywele mmoja ni kama nanomita 80,000. Kimbunga kinafungwa hapo kama mbuzi kwenye kigingi. Vigingi vikizidi vinaziba njia ya umeme, kwa hiyo ni kupima pima, na mimi hapo njo naona ufundi wenyewe.

Superkondakta ya familia hiyo inatengenezwa kama tepe, safu yenye kufanya kazi haizidi mikromita chache. Tepe hizo ndizo chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walizungusha wakafanya sumaku, na mwezi wa 9, 2021 ikafikisha nguvu ya tesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku).

Yaya akauliza kimoja tu: baridi ikikatika? Nikamwambia ndiyo maana tepe inavishwa shaba kwa nje, superkondakta ikishindwa umeme unahamia kwenye shaba. Akacheka mpaka akaangusha koleo.

"Kumbe kazi tungali nayo," akasema, akaendelea kung'oa nyaya.